Uzi maalumu: Mke na mume tunaofundisha Kiingereza Isan, Thailand, na sababu ya kukataa kuajiriwa shule moja

Mwanzisha uzi

Heshima kwenu wanajamvi. Tangu nilipogusia kwenye uzi mwingine kwamba mimi na mume wangu tunafundisha Kiingereza nchini Thailand, nimepokea ujumbe mwingi wa faragha kutoka kwa wanandoa walimu, wengi wao wakiwa vijana waliomaliza chuo na kukaa mitaani wakisubiri ajira. Wengi wanauliza mshahara, na nitautaja. Lakini jambo ninalotamani mlijue kabla ya mshahara ni kwamba mke na mume wanaokuja huku hawapaswi kuweka kazi zote mbili, nyumba na vibali vyao vyote mikononi mwa mwajiri mmoja. Sisi tulifanya hivyo kwa sababu ilionekana ni baraka, na ilitugharimu.

Tulifika Mei 2018, wiki moja kabla ya muhula wa kwanza, kwa kuwa mwaka wa masomo huku huanza katikati ya Mei na kuishia Machi. Kituo chetu kilikuwa mkoa wa Ubon Ratchathani, kaskazini mashariki, katika ukanda unaoitwa Isan, unaopakana na Laos. Tulipanda treni ya usiku kutoka Bangkok hadi mwisho wa reli, na asubuhi tulipochungulia dirishani tuliona mashamba ya mpunga yakisubiri mvua, nikajihisi kama niko bonde la Kilombero. Viza tulikuwa tumeifuata wenyewe kwenye ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi, safari ya basi ya kwenda na kurudi. Tangu Januari 2025 maombi hufanyika kwa mtandao, kwa hiyo gharama hiyo ninyi mmeepushiwa. Kadi ya manjano ya chanjo bado wanaidai kwa msafiri anayetoka kwetu, wala msiifanyie mzaha.

Shule ya kwanza ilikuwa ya binafsi. Ilitupa nafasi mbili, nyumba ndogo nyuma ya uwanja wa michezo, na mtu wa ofisi wa kutusindikiza uhamiaji. Mume wangu alilipwa baht 25,000 kwa mwezi na mimi 23,000, wakati ambapo baht moja ilikuwa takribani shilingi 70 za Tanzania. Kila mmoja alikuwa na vipindi 22 kwa wiki, darasa likiwa na wanafunzi arobaini na zaidi. Walimu wenzetu kutoka Uingereza na Marekani walilipwa zaidi ya 35,000 kwa vipindi vilevile, na mmoja wao hakuwahi kuandika andalio la somo hata siku moja. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba wazazi wanalipia "wazawa wa lugha". Jibu hilo liliniuma, na bado linaniuma. Hata hivyo, kwa fedha ile tulikula vizuri, tulituma nyumbani kila mwezi, na tuliweka akiba ambayo kwa mshahara wa kujitolea niliokuwa nao Morogoro nisingeifikia.

Sasa niwaeleze kuhusu vibali, kwa maana hapa ndipo ndoa nyingi huyumba. Mwalimu huingia kwa viza ya kazi isiyo ya uhamiaji, kisha shule humwombea kibali cha kazi, ambacho wakati wetu kilikuwa kijitabu cha rangi ya buluu kilichoandikwa jina la mwajiri na mahali pa kazi. Baada ya hapo Uhamiaji huongeza ruhusa ya kukaa, mara nyingi kwa mwaka mmoja mmoja. Kila siku tisini unaripoti mahali unapoishi. Jambo ambalo hatukulitilia maanani ni kwamba ruhusa hiyo ya kukaa imefungwa kwenye ajira yenyewe: siku ajira inapokoma, ruhusa nayo inakoma, na unachoweza kuomba ni siku saba tu za kujipanga, kwa ada ya baht 1,900. Ikiwa mmoja wenu amekuja kama mtegemezi wa mwenzake, basi wa kwanza akianguka, wa pili naye anaanguka.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, tuliitwa ofisini pamoja, tukakaa kwenye viti viwili vilivyokuwa vimeshaandaliwa, na tukaambiwa kwamba mikataba yetu haitaendelezwa. Nyumba tuliombwa kuikabidhi mwisho wa mwezi. Kwa barua moja yenye majina mawili tulipoteza mishahara miwili, paa, vibali viwili na yule mtu wa kutusindikiza uhamiaji. Safari za ndege zilikuwa zimeanza kusitishwa. Kilichotuokoa ni uamuzi wa serikali ya Thailand wa kuwaruhusu wageni wote ambao ruhusa zao ziliisha kuanzia tarehe 26 Machi kuendelea kukaa, uamuzi uliosogezwa mbele mara kadhaa hadi Septemba 26. Tulipanga chumba upande wa pili wa mto Mun na kuishi kwa akiba. Mama mwenye nyumba alikuwa akitundika mfuko wa wali wa kunata kwenye kitasa cha mlango wetu karibu kila asubuhi, bila kubisha hodi, ili tusilazimike kumshukuru. Siwezi kumsahau.

Shule zilifunguliwa Julai 1 mwaka ule, na Agosti tukapata kazi upya. Tuliamua, na hatujarudi nyuma, kwamba kila mmoja atakuwa na mwajiri wake, kibali chake, na nakala zake za nyaraka, na nyumba tutapanga wenyewe. Mimi nipo sekondari ya serikali mjini, yeye yupo shule ya msingi wilayani, mwendo wa dakika arobaini kwa pikipiki. Hatuonani saa za chakula cha mchana, na siku za mvua situlii mpaka nisikie pikipiki yake getini. Lakini wote wawili tunalala tukijua kwamba shule moja ikibadili nia, nyingine ipo.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Asante sana dada kwa uzi huu wenye uzito. Naomba kuuliza jambo moja kwa heshima. Sisi wenyewe Kiingereza tumekikuta darasani, na wengi wetu lafudhi yetu inajulikana. Mzazi wa Kithai akisema anataka mzungumzaji wa asili, tuna hoja gani ya kumjibu? Au tunakwenda tu kuziba pengo la bei nafuu?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali lako ni zito na nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu ni jambo ambalo nimeliwaza kila siku nikiwa mbele ya ubao.

Kwanza masharti. Asiye mzawa wa lugha hudaiwa cheti cha mtihani wa Kiingereza. Kwetu walitaka TOEIC isiyopungua alama 600. Juu ya hapo lipo Baraza la Walimu la Thailand, wenyewe huliita Khurusapha, ambalo hutoa leseni ya ualimu. Mimi nina shahada ya ualimu, kwa hiyo njia yangu ilikuwa fupi. Mume wangu ana shahada ya isimu, si ya ualimu, akaanza na ruhusa ya muda ya miaka miwili huku akilazimika kusomea ualimu. Wanaokuja na shahada za elimu kutoka vyuo vyetu wajue kwamba karatasi hiyo ina thamani kubwa huku kuliko wanavyodhani.

Sasa hoja yenyewe. Kithai hakibadilishi kitenzi kwa wakati. Mtoto wa kidato cha kwanza anasema "I eat rice already", na mwenzetu kutoka Ulaya anamsahihisha mara ishirini bila kujua kosa linatoka wapi. Mimi nililijua siku niliposalimiwa sokoni. Salamu ya huku ni "kin khao rue yang?", yaani umeshakula wali au bado? Ukiwa hujala unajibu "yang": bado. Ukiwa umekula unajibu "kin laeo": nimeshakula. Nilisimama pale mbele ya mama muuza mapapai nikiwa nimeshika mfuko wangu, na nikaona sarufi yetu imelala ndani ya lugha ya watu wengine! Ile "laeo" ni "-sha-" yetu. Ile "yang" ni "bado" yetu, neno ambalo kwa Kiingereza unalitafuta mpaka unachoka. Kesho yake niliandika ubaoni safu tatu, Kithai, Kiswahili na Kiingereza, nikawaonyesha kwamba Kiswahili kinaweka alama hiyo ndani ya kitenzi, Kithai kinaiweka mwisho, na Kiingereza kinakigeuza kitenzi chenyewe. Darasa lile halikuwahi kutulia vile. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma aliandika "nimeshakula" kwenye jalada la daftari lake, na neno hilo lilikaa pale mwaka mzima.

Matamshi nayo ni hivyo hivyo. Sisi tunapokopa neno tunaliongezea irabu mwishoni: benki, kilabu, skuli. Wao wanakata mwisho. Kithai hakina sauti ya "l" mwishoni mwa neno, kwa hiyo "football" inaishia na "n", na "s" ya mwisho huwa kama "t". Katikati ya mazungumzo "r" yao huteleza ikawa "l". Nilisoma na wenzangu waliochekwa darasani kwa kuchanganya "r" na "l", na baadhi yao hawakunyoosha mkono tena mpaka tunamaliza shule. Ndiyo maana darasani kwangu hakuna kucheka. Mwalimu ambaye ulimi wake mwenyewe uliwahi kufundishwa upya anajua mahali pa kuweka meno na mahali pa kuweka subira, na hicho ndicho tunachokwenda nacho. Kwa bei nafuu wanatuchukua, ni kweli, lakini kazi tunayoifanya haina unafuu wowote.

Kuhusu rangi nitasema wazi. Matangazo ya kazi yanadai picha, na zipo shule ambazo zilituandikia kwa furaha mpaka zilipoona picha zikanyamaza. Mtoto wa darasa la pili aliwahi kuusugua mkono wa mume wangu kwa kidole na kukiangalia kidole chake; yeye akamwachia mkono mpaka aridhike, kisha akamwomba amfundishe neno la Kithai la rangi hiyo. Wanafunzi hawanisumbui, kwa kuwa mtoto akishaona unamjali anasahau upesi. Watu wazima ndio huchukua muda.

Mume wa mwanzisha uzi

Nimeombwa na mke wangu niongeze sehemu yangu, hasa tukio la 2023, ambalo yeye hapendi kulisimulia kwa sababu anadhani ataonekana ananilaumu.

Mama yangu mzazi alifariki mwezi Juni mwaka huo. Simu ilikuja usiku, saa za huku zikiwa nne mbele ya nyumbani, na kufikia alfajiri nilikuwa nimepata tiketi. Mke wangu alikuwa katikati ya wiki ya mitihani, tukakubaliana nitangulie peke yangu. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akishika faili la nyaraka zetu. Nilitoka nchini bila kuchukua kibali cha kuingia tena, ambacho kwa safari moja ni baht 1,000 tu, na ambacho hupatikana hata uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi kabla ya kugonga mhuri wa kutoka. Ukitoka bila hicho, ruhusa yako ya kukaa inakufa palepale mpakani. Niligundua nikiwa msibani, siku ya tatu, tulipokuwa tumekaa turubaini na mwalimu mwenzetu akaniuliza kwa simu kama nilikichukua.

Ilibidi nianze upya: barua kutoka shuleni, viza mpya kutoka Nairobi, kibali kipya cha kazi. Nilikaa nje ya kazi wiki saba bila mshahara. Mkuu wangu wa shule alinisubiri, Mungu ambariki, na mke wangu alilipa kodi, alilipa deni la tiketi, na alituma mchango wa msiba. Kama ruhusa yake ingekuwa imeegemea kwangu, wote wawili tungekuwa nje. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu anajaza fomu zake mwenyewe, hata kama mwenzake anajua kuzijaza haraka zaidi.

Na kwa wanaume wenzangu, kuna jambo dogo. Ugeni unambana mtu. Nyumbani ukikwazana na mkeo unakwenda kijiweni, unarudi umepoa. Huku kijiwe ni yeye na mshauri ni yeye, na Kiswahili chote unachokisikia kwa wiki nzima kinatoka kinywani mwake. Miezi ya mwanzo tulikuwa tunagombana kwa Kiingereza, sijui kwa nini, labda kwa sababu tulikuwa tumekizungumza tangu asubuhi. Tulipoweka sharti kwamba ndani ya nyumba ni Kiswahili tu, mambo mengi yalilainika.

Mchangiaji kutoka Kisumu

Poleni kwa msiba, na asanteni kwa ukweli wenu. Mimi na mke wangu tulikuwa tumelenga Korea Kusini kwa sababu ya mshahara mkubwa. Mnashauri nini? Na watoto mliwafanyaje?

Mwanzisha uzi

Kaka, Korea kwa viza ya kufundisha Kiingereza ina orodha ya nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya na Tanzania hazimo, kwa hiyo wakala anayewadai fedha kwa ahadi ya kazi hiyo mkimbieni. China nayo iliyumba Julai 2021, serikali ilipobana biashara ya masomo ya ziada, na walimu wengi wa kigeni wakapoteza kazi. Kwa pasipoti zetu, Thailand na baadhi ya majirani zake ndiko mlango bado uko wazi.

Mtoto tunaye mmoja. Mwaka wa kwanza alikaa kwa bibi yake Morogoro, na ulikuwa mwaka mrefu. Tulipomleta tulimwandikisha chekechea ya serikali ya hapa, kwa kuwa shule za kimataifa hatuziwezi. Anazungumza Kithai cha Isan kuliko sisi. Yeye ndiye aliyetuonyesha jambo ambalo lilitufurahisha sana: Wathai huihesabu jioni kama sisi. Saa moja usiku wanaiita "nueng thum", yaani moja ya usiku, saa mbili ni "song thum", mpaka saa tano. Walimu wa Ulaya inawachanganya mpaka leo. Mwanangu aliuliza tu, "Mama, kumbe wao wanajua saa?"

Na kwa yeyote atakayekuja, msikose siku ya wai khru, siku ya kumheshimu mwalimu, ambayo hufanyika Alhamisi mojawapo, mara nyingi mwezi Juni. Wanafunzi hupiga magoti wakileta sinia za maua waliyoyapanga wenyewe. Kuna ua la ixora lenye chipukizi kali kama sindano, kwa ajili ya akili kali. Kuna nyasi zinazoenea haraka, kwa ajili ya maarifa yanayokua. Na kuna ua la biringanya ambalo huinamisha kichwa, kwa ajili ya unyenyekevu. Mara ya kwanza nilipokaa kwenye kile kiti, nikiwa nimetoka mahali ambapo mwalimu hudaiwa kodi na mwenye nyumba mbele ya wanafunzi wake, nilishindwa kujizuia. Mkuu wa shule alinipa leso bila kunitazama.

Mchangiaji kutoka Arusha

Dada, sisi tumepata nafasi mbili katika shule moja ya binafsi, nyumba juu, kuanzia Mei. Baada ya kusoma haya tumeingiwa na wasiwasi. Je, tukatae?

Mwanzisha uzi

Msikatae kwa kuogopa maneno yangu. Nafasi ya kwanza ni ngumu kuipata, na nyumba ya shule inasaidia sana miezi ya mwanzo wakati hamjui hata dukani mnasema nini. Lakini fanyeni haya kabla ya kusaini. Ombeni mikataba miwili tofauti, kila mmoja ukiwa na jina moja na tarehe yake ya mwisho, na kifungu kinachosema kwamba kusitishwa kwa mmoja hakumgusi mwingine. Ombeni iandikwe kwamba mtakaa kwenye nyumba walau siku thelathini baada ya mkataba kuisha. Kila mmoja awe na viza yake ya kazi, msikubali mmoja aingie kama mtegemezi hata kama ofisi itasema ni rahisi zaidi. Fungueni akaunti mbili za benki. Wekeni kando fedha ya tiketi mbili za kurudi, na msiiguse hata kwa ada ya mtoto wa ndugu.

Kisha mwaka wa kwanza ukifika Februari, mmoja wenu aanze kuulizia shule nyingine kwa utulivu. Mwezi huo ndio walimu wakuu huku huanza kujua nani anaondoka, na kufikia katikati ya Aprili, wakati wa Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, ofisi zote hufungwa na hutampata mtu. Mkishajua mkoa mnaopangiwa niandikieni, kwa maana karibu kila mkoa wa Isan ninamfahamu mwalimu mmoja au wawili kutoka Afrika Mashariki, na si vizuri kufika mahali usiku bila kujua nani wa kumpigia simu.